Sauti Nyuma ya Kizimba cha Dott

Akitoka shule, Eirin hapiti jikoni kwanza. Anatupa begi kibarazani, anachukua tochi, anavuka uwanja wenye theluji mpaka kwenye banda la zamani la ng'ombe. Ng'ombe wenyewe waliuzwa kabla hajazaliwa. Siku hizi humo anakaa Dott peke yake, sungura wa kijivu mwenye sikio moja lililolala. Mwezi wa Desemba jua linazama watoto wakiwa bado njiani, kwa hiyo banda huwa jeusi kama ndani ya buti.

Ijumaa hiyo alipofungua mlango, alisikia kitu kikigonga ubao huko nyuma ya kizimba.

Du.

"Dott?"

Kisha krr, krr, kama mtu anasaga mchanga kwa meno. Tochi ikamkuta Dott amejikunyata pembeni ya kizimba, macho nusu wazi, anasaga meno. Nyasi kavu hajazigusa. Mavi yake, ambayo siku zote ni vigololi vikavu, yalikuwa laini, yananata.

Eirin akarudi kinyumenyume. Mguu wake ukagonga bakuli la uji pale karibu na mlango, lile la uji ambao kila jioni ya Desemba Bibi Borghild humwekea nisse, kizee kifupi cha kofia nyekundu anayelinda banda. Bakuli lilikuwa limelambwa likang'aa. Aliligusa. Lilikuwa bado lina joto.

Alikimbia.

"Bibi! Dott anaumwa! Na uji umeliwa sasa hivi, na mlango ulikuwa umefungwa!"

Bibi aliacha kukoroga sufuria. "Siku ya kwanza mwezi huu nilisahau kutia siagi kwenye uji," alisema polepole. "Labda nisse amenuna."

"Bibi, usinitishe."

"Sikutishi. Mama yangu aliwahi kusahau siagi, ndama akavunjika mguu." Lakini simu alishaishika, anampigia daktari wa mifugo.

Daktari Jorunn alifika na buti zake kubwa. Nyuma yake akaja Sindre, mtoto wa jirani, ambaye hapitwi na jambo. Kifuani amekumbatia mfuko wa peleti, chakula cha vidonge cha sungura wake.

Dott aliletwa jikoni, daktari akambonyeza tumbo, akatega sikio. "Utumbo unatembea, ila kwa shida. Ukisimama kabisa, tunampoteza. Anakula nini huyu?"

"Nilimwambia!" Sindre akadakia. "Peleti zake ni vumbi la mbao limeshindiliwa! Zote rangi moja. Wangu anakula hizi, ona, nyekundu, njano, kijani."

"Wako mnene kama mto wa kitanda," Eirin alinong'ona.

"Ameshiba!"

"Leteni mifuko yote miwili mezani," alisema daktari. "Eirin, nisomee lebo. Ya kwako kwanza."

Eirin alisoma kwa sauti ndogo. Nyuzinyuzi asilimia ishirini na tano. Protini kumi na mbili. Mafuta asilimia tatu.

Sindre akasoma yake kama anatangaza mpira. "Nyuzinyuzi kumi na moja. Protini kumi na tano! Mafuta asilimia tano! Mahindi, mbaazi, asali. Si mnaona? Protini nimeshinda, mafuta nimeshinda."

"Umeshinda mashindano ya kunenepa," daktari alisema. "Sungura aliyekomaa anaishi kwa nyuzinyuzi. Ndizo zinazosukuma utumbo wake. Wanga na sukari vikizidi, tumbo linachacha. Halafu huyo wako anachagua vipande vitamu, anaacha vingine, au siyo?"

Sindre akaangalia dari.

Daktari akainua mfuko wa Eirin, akakunja uso. "Huu hauna kosa. Na bado anaumwa kama sungura anayelishwa vitamu. Basi kuna kitu kingine kinaingia tumboni."

Eirin alitaka kusema kuhusu bakuli. Akameza maneno, kama anavyofanya darasani. Angesemaje? Kwamba nisse amemlaani sungura? Sindre angemcheka mpaka Pasaka.

Daktari alimpa Dott dawa, akamrudisha kizimbani. "Nyasi na maji tu. Nitarudi kesho jioni. Akiendelea hivi, sitakuahidi kitu."

Kesho yake giza lilipoanza kushuka, Bibi alipeleka uji kama kawaida. Eirin alimfuata, akabaki bandani, akajibanza nyuma ya marobota ya nyasi na tochi imezimwa. Upepo ulipuliza kwenye nyufa. Aliishika tochi kwa mikono miwili, hakutoka.

Du.

Kitu kikajiburuta sakafuni. Kikasimama. Kikaja tena, karibu kabisa na miguu yake. Halafu akasikia ulimi. Lap, lap, lap.

Eirin akawasha tochi. Macho mawili mekundu yakamwakia gizani. Juu yake, masikio mawili. Moja limelala.

"Dott!"

Pua yote ilikuwa nyeupe kwa uji. Eirin alimnyakua, akaenda kumulika nyuma ya kizimba. Ubao mmoja ulikuwa unaning'inia kwa msumari mmoja. Alipousukuma ulifunguka, alipouachia ukarudi wenyewe. Du.

Daktari alipofika, Eirin alimpa bakuli kabla hajaulizwa. "Anakula huu. Anatoka na kurudi mwenyewe. Wali, maziwa, sukari, siagi. Nyuzinyuzi hakuna." Alijishangaa mwenyewe kwa alivyosema yote.

Bibi alikaa kwenye ndoo. "Kumbe ni mimi niliyekuwa namuua."

"Hukujua, Mama Borghild," alisema daktari.

Ubao ulipigiliwa misumari. Baada ya siku chache Dott alikuwa anatafuna nyasi kwa fujo, na vigololi vikavu vimejaa tele. Sindre naye alianza kuchanganya peleti za rangi moja kwenye chakula cha wake, kidogokidogo, kama daktari alivyomwagiza.

"Tuliona giza tukamsingizia nisse," Bibi alimwambia Eirin. "Kumbe dawa ni kuangalia kila kinachoingia mdomoni, cha mfukoni na cha nje ya mfuko. Na ukiona kitu, mjukuu wangu, sema hapohapo. Ungenyamaza siku moja zaidi, tungemzika."

Uji wa nisse sasa Bibi anauweka juu darini mwa banda, mwisho wa ngazi ndefu ambayo sungura hawezi kuipanda.

Asubuhi ya kwanza Eirin alipanda kuchungulia. Bakuli lilikuwa limelambwa likang'aa.

"Bibi!" aliita. "Njoo na tochi."