Pembe za Ng'ombe Ukutani

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mama alikuwa akiifunika cherehani yake kwa kitambaa, anaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, kisha anamketisha mwanawe mdogo, Kibonge, kwenye kigoda mbele yake. Hapo tena hakuna ruhusa hata ya kukohoa. Ulikuwa wakati wa kumrekodia baba.

Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mbali sana na nyumbani. Mara ya mwisho alipokuja, Kibonge alikuwa bado anatambaa. Kioo cha simu ya baba kilikuwa kimepasuka na picha hazikuonekana, kwa hiyo mtoto alimfikia baba yake kwa sauti tu: kicheko chake, kilio chake, maneno yake mapya.

"Baba Chiriku, habari za huko," mama alianza jioni hiyo. "Leo mwanao kavaa viatu mwenyewe. Cha kulia kavaa kushoto, cha kushoto kavaa kulia, katembea kama bata, lakini kavaa! Mchana kachukua chaki yangu ya kupimia nguo, kampaka paka wa jirani mpaka paka kawa bibi harusi. Haya, Kibonge, mwambie baba. Ng'ombe hulia vipi?"

Chiriku, dada yake Kibonge, alikuwa amesimama mgongoni kwa mama, mahali pake pa kila siku. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na baba kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki, kama wa ndege chiriku. Lakini wakati wa kurekodi alikuwa kimya kabisa. Taa ilining'inia nyuma yao karibu na mlango, na vivuli vyao vilipanda ukutani, juu ya kigoda cha Kibonge. Chiriku aliinua vidole viwili kichwani, vikawa pembe.

"Mmmuuu!" Kibonge akalia.

"Hodari! Na paka?"

Chiriku akanyoosha vidole pembeni mwa mashavu, vikawa masharubu.

"Nyau!"

"Na mbwa je?"

Umeme ukakatika.

"Na mbwa je?" mama akarudia gizani, akicheka. "Baba anasubiri. Mbwa hulia vipi?"

Kimya.

"Kibonge? Niko hapa, mwanangu. Njoo kwa mama."

Mtoto akaanza kulia. Kigoda kikaanguka. Mama alizidi kumwita, taratibu kwanza, kisha kwa sauti kubwa, lakini vishindo vya miguu midogo vilielekea upande wa mlango, mbali na mama, na kilio kikazidi. Mama alipowasha tochi ya simu, Kibonge aliuona uso wake, akamkimbilia na kujitupa mapajani.

"Kumbe simba wetu anaogopa giza!" mama akasema. Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Akautuma ujumbe hivyo hivyo ulivyokuwa.

Chiriku alibaki amesimama, vidole vimemganda kichwani kama masikio ya mbwa. Yeye alijua kwamba si giza.

Mambo yalianza msimu wa mvua. Kibonge alishikwa na homa, akawa anajivuta masikio na kulia. Mama alimpeleka zahanati, akarudi na chupa ya dawa ya maji. Asubuhi na jioni mama alimnywesha mwenyewe. Mchana ilikuwa kazi ya Chiriku akitoka shule, kwa sababu mchana mama alikuwa akishona sare kwenye karakana.

Kumnywesha Kibonge dawa kulikuwa vita. Aliuma kijiko, alitema, alipiga mateke. Na wenzake Chiriku walikuwa uwanjani wakimsubiri kwa mazoezi ya mpira wa pete. Siku moja alisema moyoni, "Nitampa kesho." Ili chupa isimsaliti, alimimina kijiko kimoja cha dawa kwenye mfereji wa maji machafu. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Jioni mama aliinyanyua chupa kwenye mwanga wa taa, akasema, "Vizuri, inapungua."

Baada ya hapo sikio la kushoto likaanza kutoa usaha, na la kulia likafuata. Chiriku aliufuta kabla mama hajarudi. Aliokota vipande vya kitambaa cha kijani chini ya cherehani, akavisokota, akasafisha, akavitupa chooni. Usaha ulipokauka, alishukuru Mungu, akadhani mambo yamekwisha.

Kisha siku moja alimwita Kibonge akiwa nyuma yake. Kibonge hakugeuka. Akaita tena. Akapiga makofi. Mtoto aliendelea kupanga vifungo vyake sakafuni kana kwamba dunia nzima imelala. Lakini akiona uso wa mtu, alicheka na kuitika. Alikuwa ameanza kusikia kwa macho. Ndipo Chiriku alipojichagulia mahali pake mgongoni kwa mama.

Siku iliyofuata baada ya umeme kukatika, baba alipiga simu. Mama alikuwa akipiga pasi kola za sare, akaiweka simu mezani, sauti ikasikika chumba kizima.

"Mama Chiriku, nimeurudia ule ujumbe kutwa nzima. Ulimwita, naye akalia kama mtoto aliyeachwa peke yake. Na ulikuwa karibu naye."

"Lilikuwa giza. Mtoto gani halii gizani?"

"Mtoto gizani hufuata sauti ya mama yake. Yeye hakuifuata. Mpeleke akapimwe."

"Wewe uko huko na mawe yako! Mimi ndiye ninayelala naye na kuamka naye. Usimwite mwanangu kiziwi!"

Mama aliiacha pasi juu ya kola.

"Mimi sijasema kiziwi," baba akasema polepole. "Neno hilo umelitoa wewe."

Mama akakata simu. Harufu ya kitambaa kilichoungua ikajaa chumbani. Akainyakua pasi, lakini kola ilikuwa imeshakuwa na alama ya kahawia.

"Na wewe unanitolea macho ya nini?" akamfokea Chiriku.

"Mama..."

"Nini?"

Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, tayari kutoka. Chiriku akayameza.

"Hakuna."

Jumamosi walikwenda wote watatu kupeleka sare kwa mwenye duka. Mama alijitwika furushi, Chiriku akamshika Kibonge mkono. Kwenye mteremko wa kuelekea sokoni, fundo la furushi likalegea. "Nishikie hapa," mama akasema. Chiriku akauachia mkono wa Kibonge ili kushika fundo.

"Pisha! Pisha, jamani! Breki hakuna!"

Mkokoteni uliojaa magunia ya viazi ulikuwa ukishuka kwa kasi, mwenyewe kaning'inia mbele akijaribu kuuzuia kwa visigino. Watu waliruka huku na huku. Katikati ya njia Kibonge alikuwa amechuchumaa, mgongo ameugeuzia mkokoteni, akiokota vizibo vya soda.

"Mtoto! We mtoto! Toka!"

Kibonge aliokota kizibo kingine.

Mtu wa mkokoteni alijipinda kwa nguvu zake zote, akauelekeza mkokoteni ukutani. Gurudumu lilimgonga Kibonge ubavuni, likamrusha, akaangukia paji la uso. Magunia yakapasuka. Mguu wa yule mtu ukabanwa kati ya mti wa mkokoteni na ukuta, naye akapiga ukelele ambao Chiriku hatausahau.

Watu walijaa kama nzi.

"Kaua mtoto!"

"Mshikeni asikimbie!"

"Nikimbie na mguu gani?" yule mtu alisema, ameketi kati ya viazi vyake, damu ikimchuruzika. "Nimepiga kelele mpaka koo limekauka. Kwani mtoto wenu hana masikio?"

"Umemgonga, halafu unamtukana?" mama akapaza sauti, Kibonge akilia kifuani pake, damu imemfunika jicho. Kijana mmoja akaokota fimbo. Mwingine akavua mkanda.

Chiriku alimtazama mtu wa mkokoteni. Alikuwa ameinua mikono kujikinga kichwa.

"Msimpige!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka. "Kasema kweli! Kibonge hasikii! Mimi najua. Nimejua siku nyingi!"

Fimbo ikashuka. Mama akamgeukia binti yake.

Yule mtu akashusha mikono. "Asante, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya uchovu. "Lakini ungesema jana, leo ningekuwa na miguu miwili mizima."

Hospitalini walishonwa wote wawili, Kibonge paji la uso, mtu wa mkokoteni mguu. Kisha Kibonge akapelekwa kwa daktari wa masikio, mwanamke mmoja mwembamba aliyevaa taa kwenye paji la uso. Aliangalia sikio la kulia, akaangalia la kushoto, akachukua koleo ndogo. Alichokitoa akakiweka kwenye karatasi nyeupe. Ulikuwa uzi wa kijani.

"Nani amekuwa akimsafisha masikio?"

"Hakuna," mama akasema. "Hakuna anayemgusa masikio."

"Ni mimi," Chiriku akasema. Na akaeleza yote, dawa, mfereji, usaha na vitambaa, huku akiutazama uzi ule.

Daktari hakumkemea. "Ulidhani unafuta usaha," akasema, "lakini ulikuwa unafuta barua ambayo sikio lilikuwa linamwandikia mama yako."

Mama alimbeba Kibonge, akatangulia kutoka. Hakumtazama Chiriku njiani, wala walipofika nyumbani. Chiriku alitamani apigwe.

Nyumba ikawa nzito. Mama alizungumza naye kwa maneno ya kazi tu: shika tochi, geuza kichwa chake, leta pamba. Kila asubuhi na jioni waliyakausha masikio ya Kibonge jinsi walivyofundishwa, kisha wakatia dawa ya matone. Mchana Chiriku alirudi kutoka shule moja kwa moja nyumbani kumnywesha dawa ya chupa, na mama naye aliomba ruhusa karakana akawa anarudi. Hakuinyanyua tena chupa kwenye mwanga. Alisimama mlangoni akakitazama kijiko mpaka kiingie mdomoni mwa mtoto. Jioni hakukuwa na kurekodi, na kopo la vifungo lilibaki peke yake juu ya cherehani. Baba alipopiga, mama alimjibu kwa ufupi kwamba wanaendelea na matibabu, akakata.

Siku ya kupimwa tena, daktari alimpa Kibonge vifungo achezee, akasimama nyuma yake, upande wa kulia.

"Kibonge."

Mtoto akageuka.

Chiriku akauma kidole ili asilie. Daktari akahamia upande wa kushoto. Akaita. Akaita tena. Kibonge aliendelea na vifungo vyake.

"La kulia limerudi," daktari akasema. "La kushoto limeumia zaidi. Huenda likawa hivyo maisha yake yote. Mkae upande wake wa kulia, mseme naye mkiwa mnatazamana, naye atakua na kusoma kama wengine." Kisha akamwinamia Chiriku. "Mwanangu, kusahau dawa ni kosa, lakini kosa hilo lina tiba. Ungesema siku ile ile, ningeyatibu masikio yote mawili. Ugonjwa ukifichwa hauondoki. Unapata nafasi ya kukua."

Jioni hiyo mama aliifunika cherehani, akaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Chiriku akaenda kusimama mahali pake pa zamani.

"Toka huko nyuma," mama akasema. "Njoo ukae hapa mbele, karibu na mdogo wako. Upande wa kulia."

Chiriku akaketi sakafuni. Mama akabonyeza simu.

"Baba Chiriku. Leo mwanao kaitwa, kageuka. Sikio moja tu, lakini kageuka. Ulisema kweli, na mimi nilikukatia simu. Sasa binti yako ana maneno."

Chiriku akaisogelea simu. Alimweleza baba yote, kijiko kwa kijiko, kitambaa kwa kitambaa, mpaka vidole vya pembe. Mara mbili sauti ilimkatika, na mara mbili mama alisubiri bila kumsaidia. Alipomaliza, alidhani mama ataizima simu. Mama hakuizima.

"Bado mimi," mama akasema. Alikuwa akiutazama ukuta juu ya kigoda, pale kivuli cha kichwa chake kilipotua. "Chiriku, hiyo taa iko nyuma yangu. Wewe ulisimama kati yangu na taa."

Chiriku akautazama ukuta. Taratibu, akaelewa.

"Pembe zako nilikuwa naziona. Masharubu pia. Kila jioni niliona kivuli chako kikimfundisha mtoto la kujibu, nikajiambia ni mchezo wenu tu. Nilitaka uwe mchezo. Nilikuwa nahofia kile kile ulichokuwa unahofia wewe, mwanangu, ila mimi ni mtu mzima, nina masikio yote mawili, na sikutaka kusikia." Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye kitambaa cha cherehani, naye hakuyafuta. "Ulikosea. Lakini mtoto akikosea hutafuta mkubwa wa kumwambia, na mkubwa wako alikuwa amejificha nyuma ya simu. Nisamehe. Kuanzia leo, katika nyumba hii, mwenye hofu aseme kwanza. Kugombana tutagombana baadaye."