Walinibandika Mimi Kwenye Mlango wa Gari

Shemeji alininyooshea kidole mbele ya dada yangu na majirani wawili.

"Huyu ndiye aliyeniharibia gari."

Ndoo ya maji ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nisomeni taratibu jamani, mimi si mtu wa kuongea. Hata haya nimeyaandika nikafuta mara nne.

Gari lenyewe ni la kijivu, ile rangi ya metaliki yenye chembe ndogo zinazometa juani. Naishi kwao bure, na kukaa bure kunanitia aibu, kwa hiyo kila Jumapili naliosha mimi. Siku hiyo nilipopitisha kitambaa mlango wa dereva, chini ya kitasa, kitu kikabanduka. Chembamba kama ganda la kitunguu. Upana wa kiganja.

"Umeoshea nini, msasa?"

"Kitambaa tu, shemeji."

"Kitambaa hakibandui rangi." Akamgeukia dada. "Mtu kaishia darasa la tano, unamkabidhi gari."

Dada alikuwa anatazama ndala zake.

"Mwache alitengeneze," akasema. "Si anafanya kazi gereji? Alitengeneze, yaishe."

Yaishe... Hata hakuniuliza kama ni kweli.

"Mwisho Jumamosi," shemeji akasema. "Likinishinda kulitazama, utafute pa kulala."

Jumatatu akalileta mwenyewe gereji, akaniachia funguo bila salamu. Pale mimi ni wa kusugua msasa na kubandika karatasi kwenye vioo wakati wenzangu wanapuliza rangi. Kupuliza naruhusiwa sehemu ndogo tu.

Nikachuchumaa mbele ya mlango, nikapitisha kidole pale palipobanduka. Kidole kikagonga ukingo.

Nikasogeza uso karibu.

Ngoja niwaeleze. Rangi ya metaliki huwezi kuziba doa ukaishia pale pale kwenye doa. Litaonekana kama kiraka. Rangi unaipeleka mbali kidogo kidogo, kila mpulizo mwepesi kuliko uliotangulia, mpaka jicho lipoteze ilipoanzia. Halafu juu yake unapiga klia, ile vanishi isiyo na rangi inayong'arisha, na hiyo lazima ifunike mlango mzima. Ukiikatisha katikati, ukingo wake haushiki. Miezi kadhaa tu, maji yanaingia, inabanduka.

Hicho ndicho kilichobanduka. Mlango ule ulishatengenezwa, tena kwa haraka, na mtu mwingine.

Nikasugua. Chini ya kijivu nikakuta puti, ile ya kuzibia mabonde. Chini ya puti, mchubuko wenye rangi ya njano, kama ya nguzo za maegesho.

Nani kagonga nguzo akaficha? Mlango ni wa dereva, na mwenye kuendesha lile gari ni mmoja tu. Dada alishaomba kujifunza, akaambiwa barabara si jikoni.

Kwa hiyo nikaanza kumchunguza shemeji.

Simu zake alikuwa anapokelea nje. Nikiingia sebuleni, ananyamaza. Mezani anakula huku ananitazama. Jumatano usiku akaniuliza, dada akiwa jikoni:

"Umeshaanza kusugua?"

"Bado." Nilidanganya.

"Ukisugua, uniambie umeona nini chini."

Mtu mwenye gari lake anaogopa nini chini ya rangi?

Dada akaniletea chakula, akaniongezea mchuzi bila kuombwa. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, maskini dada yangu, hajui anaishi na nani.

Alhamisi nikapeleka gari kwa mchanganyaji wetu wa rangi. Tunamwita Jicho, kwa sababu rangi haijawahi kumdanganya. Kabla ya kugusa gari, Jicho hupuliza rangi kwenye kadi, anaianika, anailinganisha na gari juani. Kadi zote anazitunza, zimetundikwa kwenye waya ukuta mzima.

Akautazama mlango, akacheka.

"Kijivu hiki nishakichanganya."

Akachomoa kadi moja, akaiweka juu ya mlango. Ikapotea, kama vile hajaweka kitu.

"Lini, kaka Jicho?"

"Miezi minne hivi. Ile wiki uliyokuwa unaumwa."

"Alilileta mwanaume mrefu, mwenye upara?"

"Mwanamke. Ana haraka kama kaiba. Namwambia, dada, klia ifike mwisho wa mlango, niachie mpaka kesho. Anasema haiwezekani, mwenye gari anarudi safari leo saa kumi." Akanitazama vizuri. "Halafu anacheka kama wewe. Anafunika mdomo."

Nikakalia tairi.

Gereji yetu ndiyo pekee aliyoijua dada. Nilikuwa namsimulia habari zake kila jioni.

Nililitengeneza lile gari. Klia nikaipeleka mpaka pembe ya mwisho.

Jumamosi nikalirudisha nyumbani, shemeji akalizunguka, akainama, akalitazama kwa ubavu.

"Sioni mwanzo wala mwisho."

Nikaweka ile kadi niliyoiomba kwa Jicho juu ya boneti.

Dada alipoiona akafunika mdomo. Safari hii hakuwa anacheka.

"Mdogo wangu... nilikuwa najifunza kuendesha. Nikagusa nguzo. Niliogopa."

Nikamtazama shemeji, nikisubiri alipuke. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nimerudi, kiti kimesogezwa mbele, ndani kunanuka rangi. Nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe. Lilipobanduka, nikataka nione kama atakuacha wewe uubebe mzigo."

Yaani siku ananinyooshea kidole mbele ya watu, alikuwa anajua si mimi!

Sijawahi kusema maneno mengi mbele ya watu. Siku ile niliyasema.

"Mnajua kazi yangu pale gereji? Nabandika karatasi kwenye kioo, ili rangi iangukie karatasi, kioo kibaki safi. Kazi ikiisha, karatasi inakunjwa, inatupwa. Dada, wewe ulinibandika. Shemeji, wewe ukapuliza huku unaona."

Nikaingia ndani, nikafunga nguo zangu. Hakuna aliyenizuia.

Sasa nimepanga chumba karibu na gereji, na wameniruhusu kupuliza milango mizima.

Nilichojifunza ni hiki. Wiki nzima nilimshuku aliyenifokea, nikamwonea huruma aliyenyamaza. Ukisingiziwa, mtazame pia yule anayejua ukweli na anaangalia ndala zake.

Dada hunipigia simu kila Jumapili. Napokea. Tunaongea vizuri, tunacheka.

Ila kila akicheka, mimi bado napapasa natafuta ukingo.