Konrodi za Titani

"Duka la vipuri hapa," sauti ilisema kwenye simu. "Ile injini inatoka kesho asubuhi. Isifike mpakani."

"Na dereva?"

"Dereva hayumo kwenye oda."

Simu ikakatwa. Fundi akaificha Nokia ndani ya kopo la grisi. Jasusi huyu, aliyeitwa Spana na Kituo, idara ya siri iliyomtuma, alikuwa amevaa ovaroli la gereji hii miezi minane, na katika miezi yote hiyo Kituo hakikumuuliza hata siku moja kama amekula.

Juu ya meza kulikuwa na konrodi za aina tatu. Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ukikatika, injini inatoboka ubavu.

"Tufunge ipi?" Glavu aliuliza. Huyu ndiye bosi wa magendo, na jina alilipata kwa kuwa hakuvua glavu hata akila.

Fundi alizipima mkononi moja moja. Kesho gari lingembeba mgeni aliyekodiwa kutia sumu kwenye matangi ya maji ya mji wa ng'ambo ya mpaka. Sumu yenyewe angeipokea njiani, mahali ambapo Kituo hakikupajua. Kwa hiyo gari lilitakiwa liondoke, libebe, kisha life.

Konrodi za chuma cha pua zingefika mpakani na kurudi. Za alumini ni nyepesi, tamu kwa mbio fupi, lakini mwendo mrefu unazichosha, na zikichoka hukatika bila hodi. Kwa kasi ile, dereva asingepona. Kituo kilitaka alumini.

"Titani," Fundi alisema.

"Titani inasaga krenki," Dereva alidakia, mwanamke aliyeketi juu ya tairi, kikombe mkononi. "Mpaka iwe na ule utando wake mgumu ubavuni. Upo?"

"Upo, dada. Nimeukagua."

Ulikuwapo kweli. Jioni, Glavu alipoondoka, Fundi aliukwangua wote kwa msasa.

Bila utando, titani ingeng'ang'ania krenki, ipate moto, ilie, ndipo injini ikwame. Ingelia kwanza. Ikilia mapema mno, Glavu angejua nani wa kumpiga risasi.

Lakini Dereva ndiye mtu pekee pale aliyemwekea chakula. Aliamini anasafirisha madini. Kila mchana alimsimulia habari za binti yake, anavyoogopa radi, anavyochora magari yenye miguu. Fundi aliisubiri saa ile kama mtoto, na alijionea aibu kwa hilo.

Asubuhi aliinama dirishani mwa Supra ya bluu, akijifanya anarekebisha kioo.

"Dada, ukisikia chuma kinasaga, kanyaga klachi. Usiulize."

Dereva alimkazia macho. Mgeni alikuwa anaingia upande wa pili. Neno moja tu, na Fundi angezikwa nyuma ya gereji.

"Sawa, kaka," alisema.

Supra ikaondoka kwa kishindo.

Fundi alifuata kwa mbali juu ya Yamaha, Glock kifuani, kifaa cha redio sikioni. Penye ghala bovu, lori lilisimama. Kupitia darubini alimwona mgeni akipokea sanduku.

"Sanduku limeingia," alisema redioni.

Kilomita kadhaa mbele, redio ikauliza: "Mbona linakimbia bado, Spana? Mpaka huo hapo."

Supra ilikuwa imebaki nukta.

"Ulifunga alumini?"

"Hapana."

 Redio ikajibu: "Likivuka, usirudi."

Fundi alivuta mafuta mpaka mwisho. Alijiona mpumbavu. Mji mzima ungekunywa sumu kwa sababu ya mtu aliyemgawia chakula.

Moshi.

Mweusi, mzito, ukafuka chini ya gari. Supra iliyumba mara moja, ikanyooka, ikaserereka yenyewe hadi kando ya barabara. Dereva alikuwa amekanyaga klachi.

Mgeni aliruka nje na bastola. Fundi alifyatua kwanza. Risasi moja, begani. Sanduku likaanguka mchangani, halikufunguka.

Land Cruiser za Kituo zikafika. Wakamfunga mgeni pingu. Kisha wakamfunga Dereva.

"Huyu hakujua kitu," Fundi alisema.

"Atayasema mahakamani," mmoja wao alijibu.

Dereva alimgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Kaka, yule mama yako uliyesema anakusubiri nyumbani. Yupo?"

"Hayupo, dada."

"Na mchumba?"

"Hakuna."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ya kwangu yote yalikuwa ya kweli."

Mlango ukafungwa.

Fundi alitembea kuelekea pikipiki bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Askari kijana alimpisha kwa heshima.

"Kazi safi, Spana," redio ilisema. "Kuna nyingine inakusubiri."

Alivaa helmeti kwanza, wasimwone anavyolia, ndipo akajibu.

"Niko njiani."