Kidevu cha Emmah

Kila asubuhi, kabla mumewe hajaamka, Emmah alichukua wembe na kioo kidogo, akaenda nyuma ya jikoni kunyoa kidevu. Nywele zilizoota pale zilikuwa ngumu na nyeusi kama za mwanamume. Akimaliza, alipika chai, akajitwika karai la omena, dagaa wa ziwani, akaenda kuuza kwa mkebe wa gorogoro katika soko la Magunga.

Hakuna aliyejua. Ndivyo alivyodhani.

Lakini wembe ulimletea vipele, na vipele viliacha madoa. Siku moja mwuzaji mwenzake, Millicent, alimvuta kando.

"Mama Bravin, hiyo kidevu wembe haiwezi," alisema. "Chukua jivu, changanya na magadi na ndimu. Sugua mpaka ikubali. Hizo nywele hazirudi tena, yawa!"

Jioni hiyo Emmah alisugua. Ngozi iliwasha, akavumilia. Iliuma, akakaza meno. Aliponawa, nywele zilikuwa palepale, lakini ngozi ilikuwa imechubuka na kutoa maji.

Jumapili alikataa kwenda kanisani. Otieno, mumewe, aliketi kando yake.

"Ni zile nywele?" aliuliza kwa upole.

Emmah alishtuka. "Ulijua?"

"Tunalala kitanda kimoja, nitakosaje kujua? Nilinyamaza kwa sababu hukutaka nijue. Lakini sasa umeungua. Wacha nimwite Scovia."

Scovia alikuwa jirani yao na mhudumu wa afya wa kijiji. Alifika mara moja. Alimmiminia Emmah maji safi ya baridi kidevuni kwa muda mrefu, kisha akaikagua ngozi.

"Ulichanganya nini?"

Emmah alimwambia.

"Jivu na magadi vinaunguza, mama. Wengine wanasifu manjano, wengine papai. Lakini hakuna kitu cha jikoni kinachoua mzizi wa nywele. Unaweza kuzing'oa, na zitaota tena."

"Basi nikae hivi?" Macho ya Emmah yalilengwa na machozi, lakini sauti yake haikutetemeka. "Sikubali. Nionyeshe njia nzuri."

"Nitakuonyesha. Kwanza kidonda kipone. Usinyoe, usisugue. Na nikuulize, hedhi yako inakuja kila mwezi?"

Emmah aliinamisha kichwa. "Inapotea. Wakati mwingine miezi mitatu."

"Basi hii si mambo ya urembo peke yake. Nywele ngumu kidevuni, na hedhi inapotea, inaweza kuwa homoni. Nenda hospitali Homa Bay wakupime."

"Watu watasema nimelaaniwa."

"Watasema wakichoka watalala," Otieno alisema. "Tutaenda pamoja."

Wakaenda. Daktari alimpima Emmah damu, akamweleza kwamba homoni zake zimepoteza mizani. Alimpa dawa, akamwambia nywele zitapungua, lakini polepole. Emmah alikunywa dawa kama alivyoagizwa, hata siku alizochoka kuzinywa.

Ngozi ilipopona, Scovia alirudi na uzi wa pamba wa kushonea. Alinawa mikono, akauzungusha uzi vidoleni na kuusokota katikati. Akautembeza juu ya kidevu. Uzi ulibana nywele na kuzing'oa.

"Wuoi!" Emmah alipiga kelele.

"Itauma kidogo. Ukimaliza, futa kwa kitambaa safi chenye maji baridi. Ukiona kipele au kidonda, acha mpaka kipone."

"Na miguu?"

"Miguu tutatumia sukari."

Walichemsha vikombe viwili vya sukari na robo kikombe cha maji na robo ya maji ya ndimu, kwa moto mdogo. Mara ya kwanza Emmah aligeuka kuongea, sukari ikaungua na kuwa nyeusi. Alisugua sufuria, akaanza upya. Safari hii ilipata rangi ya asali. Otieno alinyoosha kidole aonje.

"Usiguse!" Scovia alimkemea. "Ikiwa moto inaunguza kuliko uji. Ngoja iwe vuguvugu. Na ujaribu kwanza mahali padogo, uone kama ngozi inaikubali."

Ilipopoa, Emmah aliipaka mguuni kufuata nywele zinakolalia. Akabandika kitambaa, akaishika ngozi ikakazana, akavuta haraka kwa upande wa pili. Kitambaa kilitoka na nywele zake.

Siku iliyofuata alimweleza Millicent yote. Millicent alishika mdomo. "Nisamehe, mama. Na mimi niliambiwa tu."

"Basi usimwambie mwingine."

Mvua za vuli zilipoanza, hedhi ya Emmah ilikuwa imerudi. Madoa yalififia. Nywele chache bado ziliota, naye alizing'oa kwa uzi alipopata nafasi. Wiki nyingine hakupata.

Wiki moja kama hiyo, mteja mgeni alimkodolea macho sokoni.

"Mama, kumbe una ndevu?"

Wauzaji wenzake waligeuka. Emmah alimtazama usoni.

"Ninazo chache," alisema. "Lakini omena ninayo nyingi. Nikupimie gorogoro ngapi?"

Millicent ndiye aliyecheka kwanza, kisha soko zima. Yule mtu alikuna kichwa, akatabasamu, akanunua mbili.