Mikono Mbele ya Kocha Vlasta

Kila siku shule ilipofungwa, Tessa Brandl na rafiki yake Maribel Ochoa walivuka reli, wakapita nyuma ya maghala marefu ya mahindi, wakaingia ukumbi wa michezo wa chuo kwa mlango wa pembeni. Siku ambazo shule ilipika mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga, kila mtoto alipewa pia skonzi ya mdalasini. Maribel hakula yake mezani. Aliitia mfukoni, wakaigawana njiani, huku upepo wa mashambani ukiwachapa mashavu.

"Inanoga zaidi kwenye baridi," alisema Maribel.

"Inanoga zaidi kwa sababu unanipa nusu ndogo," Tessa akajibu.

Ukumbini walivua majaketi na mabuti, wakapasha viungo moto pamoja na watoto wengine, kisha wakajipanga mbele ya fito mbili za jimnastiki, ule wa chini na ule wa juu. Hakuna aliyethubutu kuzigusa kabla ya kusikia neno moja.

"Mikono!"

Hapo kila mtoto alinyoosha mikono mbele, viganja vikitazama juu. Kocha Vlasta Kubicek alipita taratibu, akivuta kwa kidole gumba mkanda wa kila kinga ya ngozi. Kinga hizo humsaidia mchezaji kushika ufito bila kuchubuka. Zikilegea ni hatari. Zikiwa kubwa kuliko mkono ni hatari zaidi, kwa sababu ngozi hujikunja na kunasa kwenye ufito wakati mwili bado unazunguka, na mkono ukavunjika.

Kocha Vlasta alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya chuo tangu kabla mama yake Tessa hajazaliwa. Makocha wakuu walikuja na kuondoka. Mmoja alipata kazi Texas, mwingine aligombana na wakubwa, mwingine alichoka tu. Yeye alibaki. Ndiye aliyeweka ubao wa springi, ndiye aliyeuondoa haraka mchezaji akishapanda, ndiye aliyesimama chini ya fito mikono ikiwa tayari kudaka. Wakati timu ya chuo ilipopumzika, alifundisha watoto wa mji. Ukutani kulikuwa na picha nyingi za wasichana wakiwa angani, na karibu kila picha ilikuwa na kipande chake pembeni: bega, kiwiko, mkono uliofunguka.

Siku moja Maribel alimuuliza, "Kocha, mbona hukuwahi kuwa mkuu?"

"Mkuu hutazama alama, mwanangu. Mimi napenda kutazama mikono. Haya, lete yako, usinipotezee muda."

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake. Theluji ikiyeyuka, angestaafu. Mji mzima ulijua kwamba Jumapili ya mashindano ya mwisho ya nyumbani angesimama chini ya fito, kisha angeagwa.

Katika timu ya chuo, Tessa alimpenda Anneke Voss kuliko wote. Anneke alipoanza kutumia kinga mpya, Tessa aliomba zile kuukuu, akapewa. Zilikuwa na jina la Anneke kwa wino mwekundu. Alilala nazo chini ya mto. Siku iliyofuata alijipanga akiwa amezivaa.

Kocha Vlasta alivuta mkanda, akatikisa kichwa. "Hizi si za mkono wako."

"Lakini Kocha, nimezikaza sana."

"Hata ukizikaza kwa kamba ya kufungia ndama. Zitundike ukutani, uziangalie kila asubuhi. Ufito utaushika kwa zako."

"Pole, Anneke mdogo," Maribel akamnong'oneza, na wenzao wakacheka. Tessa hakucheka.

Jumamosi moja watoto wa mji jirani walikuja kushindana nao. Ukumbi ulijaa wazazi. Tessa ndiye aliyekuwa wa mwisho kupanda kwenye fito, na timu yake ilikuwa ikiongoza kidogo tu. Kocha Vlasta alipoita "Mikono!" Tessa alimwonyesha kinga zake mwenyewe. Kocha akavuta, akaridhika. Kisha Tessa akaenda kwenye pipa la chaki ya kukausha viganja, akawapa watu mgongo kana kwamba anajipaka. Akavua zake, akavaa za Anneke.

Alipanda vizuri. Alihama kutoka ufito wa chini hadi wa juu kama alivyofundishwa. Alipoanza kuzunguka huku mwili umenyooka, mkono wa kulia ukagoma. Ngozi ilikuwa imejikunja, imeubana ufito. Kwa kufumba na kufumbua, mikono miwili ilimshika kiunoni ikamnyanyua. Ngozi ikaachia. Tessa akajikuta amesimama juu ya godoro, na Kocha Vlasta ameshajitoa pembeni.

Mwamuzi aliinua macho, akaandika. Kocha akimgusa mchezaji, alama hukatwa, hata kama amemwokoa. Ndiyo sheria. Mji jirani ukashinda kwa tofauti ndogo kabisa.

Tessa alivua zile kinga haraka, akazisukuma chini kabisa ya mkoba wake. Baba yake, Wendell Brandl, dereva wa lori la nafaka, alishuka kutoka vitini pamoja na Bwana Skiles, baba wa msichana mwingine wa timu.

"Tessa," baba akamuuliza, "ulikuwa unaanguka?"

Tessa aliangalia sakafu. Akisema ndiyo, ataulizwa kwa nini.

"Hapana, Baba. Nilikuwa sawa tu."

"Si nilikwambia, Wendell?" Bwana Skiles akadakia. "Bibi wa watu macho yamekwisha! Anamdaka mtoto ambaye haanguki. Kesho atamdaka mwamuzi, keshokutwa atalidaka pipa la chaki!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Kocha Vlasta alikuwa palepale, akikunja godoro. Alisikia yote. Alikuja polepole, mikono yake bado myeupe kwa chaki.

"Samahani, Tessa," alisema. "Niliona mkono umenasa. Naapa niliona. Labda ni haya macho yangu."

Tessa alitaka kufungua mdomo. Baba akamshika bega, akasema, "Haidhuru, Kocha. Hutokea." Wakaondoka.

Siku zilizofuata, mzaha wa Bwana Skiles ulizunguka mji. Ulifika kituo cha mafuta, ukafika dukani, ukafika hata foleni ya chakula shuleni. Ukumbini, Kocha Vlasta alianza kuvuta kila mkanda mara mbili. Mtoto akiwa juu ya ufito, alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, kama mtu anayevuka barabara asiyoijua.

Maribel aliona kifundo cha mkono wa Tessa. "Mbona kimevimba?"

"Nilijigonga mlangoni."

"Mlango gani unaacha alama ya mkanda, we Tessa?"

"Na wewe unauliza kama polisi. Niache!"

Maribel akamwacha. Siku hiyo alikula skonzi yake peke yake.

Jioni ya Alhamisi Tessa alikuwa chumba cha mabuti akifunga kamba, aliposikia sauti za watu wawili upande wa pili wa makabati. Mmoja alikuwa Reese Holloway, kocha mkuu wa chuo, kijana ambaye Kocha Vlasta alimfundisha kazi.

"Jumapili usiniweke chini ya fito," alisema Kocha Vlasta. "Mweke Dina."

"Vlasta, acha bwana. Ni mashindano yako ya mwisho nyumbani. Watu wanakuja kukuona wewe."

"Ndiyo maana. Sitaki mtoto wa mtu aumie ili mimi niagwe vizuri. Niliona kitu ambacho hakikuwepo, Reese. Siku nyingine sitaona kilichopo."

Tessa alibaki ameshika kamba ya buti. Ilikuwa hatua chache tu kuzunguka makabati. Alijiambia, nitasema kesho. Kesho yake theluji ilianguka sana, shule na ukumbi vikafungwa. Akajiambia, nitasema Jumamosi. Jumamosi alijiambia kwamba huenda Kocha Reese atakataa, na kila kitu kitajirekebisha chenyewe.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa hadi ngazini. Akina mama wa kanisani walileta kolache, maandazi yenye jamu ya plamu, na Kocha Vlasta alikuwa amebandikwa ua kifuani. Lakini alikuwa amekaa. Alikaa kwenye kiti nyuma ya pipa la chaki, mikono ameikalia chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Zamu ya fito ilipofika, kocha kijana Dina ndiye aliyesimama chini. Wasichana wa chuo walipanda mmoja mmoja. Alipofika Anneke Voss, alifanya alichozoea miaka yote chuoni. Aligeuka akanyoosha mikono, viganja juu, kumwelekea Kocha Vlasta. Kocha Vlasta alitikisa kichwa taratibu, akamwonyesha Dina kwa kidevu. Anneke alibaki hivyo kidogo, mikono hewani, halafu akaishusha.

Hapo Tessa hakuweza tena kukaa. Kinga zile, alizozitoa mkobani asubuhi hiyo, zilikuwa kwenye mfuko wa jaketi lake.

"Unakwenda wapi?" akauliza baba.

"Kusema kitu nilichopaswa kusema."

Alipenya katikati ya magoti ya watu, akakanyaga vidole, akaomba radhi, akateremka. Alipofika chini, makofi yalikuwa yakivuma. Msichana wa mwisho alikuwa ameshatua, na vijana walikuwa tayari wanakokota magodoro kuyapeleka kwenye boriti ya kutembelea, zamu iliyofuata.

"Kocha," alisema Tessa. Akatoa kinga za Anneke, akaziweka kwenye mapaja ya Kocha Vlasta, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, alama ya mkanda ikiwa bado ya zambarau. "Nilibadilisha kwenye chaki. Baada ya wewe kuangalia."

Kocha Vlasta alizichukua. Alipitisha kidole gumba juu ya ngozi mpaka kikasimama mahali pamoja, penye mkunjo mgumu.

"Kwa hiyo mkono ulinasa."

"Ndiyo, Kocha."

"Niliona."

"Uliona, Kocha. Uliona vizuri. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Kocha Vlasta alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Tessa alidhani atapigiwa kelele, na angefurahi kupigiwa kelele. Kocha alipoishusha mikono, macho yake yalikuwa na maji, naye alikuwa akitazama fito. Kocha Reese, aliyekuwa amesogea na kusikia, alitazama hukohuko. Fito zilikuwa wazi, hazina mtu, hazina magodoro.

"Tungejua nusu saa tu kabla," alisema Reese.

Mashindano yalipokwisha, kabla watu hawajainuka, Tessa alimwomba Kocha Reese kipaza sauti. Alisema yote, mbele ya baba yake na mbele ya Bwana Skiles. Wendell Brandl alivua kofia. Alimwendea Kocha Vlasta, akamshika mkono. Bwana Skiles alikuja nyuma yake, uso umemwiva.

"Kocha, nilikuwa na mdomo mrefu. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Kocha Vlasta. "Sasa peleka huo mdomo kila mahali ulikopeleka ule mzaha."

Na kweli aliupeleka.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya Kocha Vlasta na watoto wa mji. Alisimama chini ya fito bila kusitasita. Tessa alikuwa amekatazwa na daktari kupanda mpaka mkono upone, lakini alijipanga na wenzake, karibu na Maribel, ambaye jana yake, wakitoka shule, alikuwa amemwachia nusu kubwa ya skonzi.

"Mikono!"

Alipofika kwa Tessa, Kocha Vlasta alivishika viganja vile vitupu, akavishikilia, kisha akawaambia watoto wakae chini.

"Siangalii mikono yenu kwa sababu siwaamini," alisema. "Naiangalia kwa sababu mkiwa juu pale, ninyi mnaniamini mimi. Nami nikiwa chini, sina chombo kingine ila macho yangu. Tessa alisema maneno machache, kwa hofu tu, na nikaacha kuyaamini macho yangu. Amenirudishia, na ilihitaji ushujaa. Namshukuru. Lakini ile Jumapili hawezi kunirudishia, wala mimi siwezi kujirudishia. Kwa hiyo sikilizeni, wanangu. Kukosea mtakosea, hata mimi nimekosea sana. Ukikosea, sema siku ileile, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Haya, inukeni. Maribel, wa kwanza wewe."

Wiki chache baadaye, Kocha Vlasta akiwa ameshastaafu, picha mpya ilitundikwa ukutani. Ilikuwa ya Anneke Voss, Jumapili ile, akiwa angani juu ya ufito, mwili umenyooka. Watu walisema ndiyo picha nzuri kuliko zote. Tessa aliitazama kila alipoingia kwa mlango wa pembeni. Aliutafuta ule mkono uliofunguka pembeni, akijua kwamba haumo.