Taya la Nkwimba

Kigandishi kilishuka Soko la Mbugani katikati ya moshi na matusi, mabawa yake yakirusha majivu, kikaenda moja kwa moja kwa mtu aliyekuwa anavuja damu kuliko wote. Hakikuuliza jina wala kabila. Chombo hicho kina umbo la mtungi uliolazwa ubavu, kina pua ya kunusa damu, na kikishainusa hakisubiri amri ya mtu. Kilitua kando ya Nkwimba, muuza maharage, kikatoa mirija miwili ya chuma, kikamchoma mmoja shingoni na mwingine kinenani.

"Usikiguse, Baba Shija!" wenzake sokoni walimpigia kelele mumewe. "Kiache kifanye kazi!"

Lufunga akarudi nyuma, mtarimbo wake umelala miguuni. Alikuwa mpagazi wa magunia, mtu wa mabega, na asubuhi hiyo alikuwa amepasua kichwa cha askari-chuma mpaka taa zake zikamwagika chini kama punje za mahindi.

Vita ilianzishwa na wakubwa. Wageni wa nje walikuwa wanakuja kuangalia hospitali mpya ya jiji, na wakubwa hawakutaka wageni wapite barabarani wakaona masufuria. Hawakuja wenyewe kusema hivyo. Wakubwa huwa hawaji. Waliwatuma askari-chuma, mitambo yenye miguu miwili na rungu la umeme, isiyoona haya kwa sababu haina mama. Nkwimba aliambiwa aachie sufuria lake. Akasema, "Lina maharage ya watu humu, nimwage nani alipe?" Rungu likampata taya. Alipoanguka, bati la banda likampasua paja, na damu ikaruka kama maji ya bomba lililokatika.

Lufunga alipomaliza kumvunja yule askari-chuma alipiga magoti kando ya mkewe. Taya la Nkwimba lilikuwa limeachana na uso, linaning'inia, na damu ilikuwa inamrudia kooni. Lufunga akararua pindo la kanga nyekundu ya mkewe, akalipitisha chini ya kidevu, akalifunga fundo juu ya utosi. Nkwimba akapata kupumua. Macho yake yakamwangalia mumewe, yakahamia kwenye sufuria lililopinduka, yakarudi kwa mumewe.

"Nimeliona," Lufunga alisema. "Nitakununulia jingine, mama. Wewe pumua tu."

Hapo ndipo kigandishi kilipofika. Kazi yake ni hii: hunyonya damu yote ya majeruhi na kumjaza maji ya chumvi yaliyo baridi kama barafu. Moyo husimama, na mwili hauombi tena hewa wala chakula. Hali hiyo wataalamu wameiita usingizi wa barafu, nayo huwapa madaktari nafasi ya kushona kilichopasuka. Aliyelala usingizi huo hana pigo, hana pumzi, hana rangi. Anatofautiana na maiti kwa jambo moja tu, kwamba anaweza kurudi. Ila maji yale nayo yana mwisho. Aliyegandishwa asubuhi, jua likizama hajarudishiwa damu, basi.

Kigandishi kilimfungia Nkwimba ndani ya tumbo lake, kikaruka naye chini chini hadi hospitali, Lufunga akitembea ubavuni. Langoni alikuwepo Pazi, mlinzi, Mzaramo. Lufunga ni Mnyamwezi, na makabila hayo mawili ni watani tangu zamani za misafara. Mtani hana adabu kwa mtani wake, hata kwenye jeneza.

"Mnyamwezi! Leo umebeba mzigo gani?"

"Mke wangu kapigwa, Pazi."

Pazi akachungulia ndani ya kigandishi. Uso ukambadilika kidogo, kisha akaurudisha. "Huyu hafi. Mwanamke aliyeweza kula mapishi ya kwenu atashindwa na rungu? Pita. Na akifa, nitalala ndani ya kaburi lake mpaka unipe jogoo, tena mwenye kilemba."

"Utalala na njaa," Lufunga alimjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ukacheka.

Paja lilishonwa vizuri. Lilishonwa na mikono ya mitambo, ambayo kila mmoja una kazi yake: mkono wa paja hauangalii taya, na mkono wa taya ulikuwa haujaitwa. Kisha kitanda kikasogea chenyewe hadi mbele ya Jicho.

Jicho ndilo lililoipa hospitali ile sifa. Ni kioo cheusi ukutani, kikubwa kama sinia la pilau. Linamtazama mtu kabla hajafungua mdomo na kumwambia ana malaria, ana kisukari, ana uvimbe ndani ya ini. Linaamua pia nani aingie kwenye Kiamshi, chumba cha kurudisha damu na kuushtua moyo, na nani apelekwe chumba cha maiti. Lufunga alisimama nyuma ya kamba pamoja na Daktari Salha, mama mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Paja limekubali," daktari alisema. "Akishaamka tutalirudisha taya. Ataongea, baba. Atakugombeza kama kawaida."

Jicho likamtazama Nkwimba. Sauti ya kike, tamu kama ya mtangazaji wa redio, ikasema: "Marehemu. Poleni kwa msiba." Mlango wa Kiamshi ukajifunga.

Daktari Salha alikimbilia kitandani. Alipoona kile kitambaa chekundu, alimgeukia Lufunga.

"Nani kamfunga taya?"

"Mimi. Lilikuwa linaning'inia."

"Ya Rabi!" Akakifungua haraka. "Jicho! Tazama tena!"

"Marehemu hachunguzwi mara mbili," ile sauti ilijibu.

Akamweleza pale pale, maneno yakigongana. Jicho lilifundishwa kwa picha. Za wazima zilipigwa mawodini, na za wafu zikapigwa vyumba vya maiti vya nchi nzima. Na nchi hii nzima, Mwislamu kwa Mkristo, mtu akikata roho ndugu humfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini asibaki kinywa wazi. Jicho halikujifunza kifo. Lilijifunza kitambaa. Kwa mtu mwenye pumzi na mapigo halikukosea, maana lilikuwa na vingine vya kutazama. Kwa aliyegandishwa hakuna kingine.

"Wakubwa wanajua?" Lufunga aliuliza.

"Alikufa bibi mmoja, alikuwa amejifunga leso kwa jino bovu kabla ya ajali. Nikawaambia. Wakasema bibi mmoja si hoja, wageni wanakaribia."

"Sasa fungua huo mlango."

"Siwezi. Zamani tuliweza. Kisha ndugu wa wafu wakawa wanatupiga tuwaamshe watu wao, wakubwa wakatunyang'anya ruhusa. Limebaki dole gumba la Mkurugenzi peke yake. Nimempigia simu, hapokei." Akatazama dirishani. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mapaa ya stesheni. "Yuko juu, na wageni."

Lufunga aliokota kile kitambaa, akakizungusha kwenye kiganja, akapanda ngazi.

Mkurugenzi Kwembe alikuwa ukumbini, kipaza sauti mkononi, nyuma yake kigandishi kipya kabisa kimetundikwa ukutani kwa maonyesho. Wageni walikuwa wanakula korosho. Lufunga alipita katikati yao na damu ya mkewe imemkaukia kifuani.

"Mheshimiwa, shikamoo. Naomba dole gumba lako mara moja."

"Bwana, nani kakuruhusu kuingia hapa?"

"Jicho limemwita mke wangu maiti. Hajafa. Jua likizama ndiyo atakufa."

Mkurugenzi aliwatupia wageni tabasamu, akamvuta Lufunga kando. Alinukia marashi. "Jicho halijakosea tangu lizinduliwe," alisema kwa sauti ya chini. "Andika malalamiko yako. Kesho asubuhi nitaunda kamati."

"Kesho?"

"Hawa wakiondoka. Elewa, bwana. Nikishuka sasa hivi kulikanusha Jicho mbele yao, jiji zima tumekwisha." Akamgusa bega. "Pole sana kwa msiba."

Lufunga alimpiga kichwa. Pua ya Mkurugenzi ililia kama muwa unaovunjwa gotini. Alipoyumba, Lufunga akamkamata tai, akaizungusha mkononi kama kamba ya mbuzi, akaanza kumburuta. Meza ikaanguka na glasi zake. Mgeni mmoja akapiga ukelele. Mkurugenzi alikuwa anakamata kila kitu njiani, mguu wa kiti, pazia, sketi ya mtu, na kila alichokamata Lufunga alikipiga teke mpaka akiachie.

"Nitakufunga! Utaozea jela!"

"Nifunge. Kwanza dole."

Askari-chuma wa ukumbini akawawahi kwenye mlango wa kioo, kabla hawajafika ngazi. Akainua rungu. Lufunga aliwajua wale. Alikuwa ameshamvunja mmoja asubuhi. Alijitupa chini bila kuiachia tai, na pigo lililokuwa lake likampata Mkurugenzi begani, likamrusha hadi kwenye kioo. Kioo chote kikamwagika. Kipande kirefu kama panga kikamkata shingo.

Damu ikaruka, ikawafikia wageni kwenye nguo zao. Askari-chuma aligeuka kumtafuta Lufunga tena, na rungu lilikuwa limeshapanda pale Pazi alipofika kutoka langoni akihema, akachomeka ufunguo wa walinzi mgongoni mwa mtambo. Ukasimama hivyo hivyo, mkono juu.

"Dole!" Lufunga alikuwa anapiga kelele. "Pazi, nisaidie, tumteremshe, dole!"

Lakini kigandishi cha maonyesho kilikuwa kimeshanusa. Kilijing'oa ukutani mbele ya wageni, kikatua juu ya Mkurugenzi, kikamchoma mirija. Hakisubiri amri ya mtu. Hivyo ndivyo walivyokisifia. Damu ya Mkurugenzi ikapanda kwenye mrija, nyekundu, na maji yakashuka. Baadhi ya wageni, masikini, wakadhani ndiyo maonyesho yenyewe, wakapiga makofi.

Lufunga na Pazi walikibeba kigandishi na mtu wake ndani mpaka chini. Lufunga akaushika mkono wa Mkurugenzi, akaligandamiza dole gumba kwenye kibao cha mlango wa Kiamshi. Akalipuliza kwa pumzi yake. Akalisugua kwenye shati lake. Akaligandamiza tena.

"Dole halina damu," sauti tamu ilisema.

Alipiga ule mlango kwa kichwa, kwa mabega, kwa chuma cha kitanda, mpaka ngozi ya mikono ikamchunika. Wakubwa walikuwa wameujenga usivunjike, wakihofia watu kama yeye. Aliposimama kuvuta pumzi, dirisha lilikuwa limeshakuwa la kijivu. Daktari Salha aliweka kiganja chake juu ya paji la uso la Nkwimba, akakiacha hapo.

"Basi, baba," alisema. "Maji yamepata joto. Basi."

Hakuna aliyelia. Nyuma yao mitambo iliendelea, kwa sababu mitambo haijui pa kusimama. Mikono ilimchukua Mkurugenzi, ikamshona shingo, mishono mizuri iliyonyooka, na kitanda chake kikaanza kusogea kuelekea kwenye Jicho.

Lufunga alikitazama kikija. Kisha akakikunjua kile kitambaa kilichokuwa kimegandiana na damu kiganjani, akamwinamia Mkurugenzi. Alikipitisha chini ya kidevu, akakipandisha kando ya masikio, akafunga fundo utosini, taratibu, kama anavyofungwa mtu wa nyumbani.

"Baba Shija," Daktari Salha alisema, "unajua unachofanya?"

"Najua. Umenifundisha wewe."

Daktari alikuwa karibu. Angenyoosha mkono tu fundo lingefunguka. Alimtazama Nkwimba, akaitia mikono yake mifukoni mwa koti.

Jicho likatazama.

"Marehemu. Poleni kwa msiba."

Mlango wa Kiamshi, uliokuwa umeanza kufunguka, ukajifunga. Daktari Salha alicheka kicheko kifupi kibaya. "Anayeweza kulifuta hilo ni mtu mmoja," alisema, na wote watatu wakaliangalia lile dole gumba lililoning'inia ukingoni mwa kitanda, jeupe kama mshumaa.

Nje ving'ora vilikuwa vinakaribia. Lufunga alivuta kiti, akakaa kando ya mkewe. Kinywa cha Nkwimba kilikuwa wazi, kama mtu aliyekatizwa akisema. Lufunga akajipapasa kifuani, mifukoni, akitafuta kitu cha kumfungia. Kitambaa alikuwa amekwisha kukitumia.

"Mtani," alisema bila kugeuka, "njoo basi useme. Dai jogoo wako."

Pazi alivua tai ya sare yake, akainyoosha kwenye paja, akampa.