Bwana Aliyetoka Kwenye Kioo

Walioshuka mgodini siku ile walikuwa wanne: Agnès Mianda wa Kolwezi, Mama Adolphine, mke wa mchungaji wake, Gunilla, mama wa Kiswidi aliyewapokea nyumbani kwake, na kijana mwongozaji mwenye taa kwenye kofia. Kanisa la Gunilla lilikuwa limewaalika Uswidi. Walikuwa wamekwisha kuonyeshwa meli ya kale iliyoinuliwa kutoka chini ya bahari, nyumba za mbao za watu wa zamani, na kanisa lenye makaburi ya wafalme. Lakini Gunilla aliposikia kwamba mume wa Agnès anachimba shaba, aliamka alfajiri akaendesha gari mwendo mrefu ili amwonyeshe mgodi wa kale, ambao sasa ni makumbusho, mgeni wake apate kuona kitu kinachofanana na kwao. Huko chini kulikuwa na baridi. Gunilla alivua glavu zake akamvisha Agnès, mwenyewe akaificha mikono yake mifukoni.

Waliporudi juu, kabla ya mlango wa kutokea, palikuwa na chumba chenye sanduku la kioo. Ndani yake mlikuwa na viatu virefu vya ngozi, kofia iliyobonyea, na mifupa ya mkono mmoja iliyogeuka kijani kwa shaba. Mwongozaji alieleza, Gunilla akatafsiri kwa Kifaransa chake cha taratibu: mawe yalimwangukia mchimbaji huyu, na alipopatikana, wote waliomjua walikuwa wamekwisha kufa. Jina lake halikujulikana. Hakuna aliyemlilia.

Gunilla alivua kofia yake akainamisha kichwa. Agnès alikuwa amechoka na mambo mazito. Alimpa Mama Adolphine simu, akakiegemea kioo kama bibi arusi, akatabasamu. Picha aliituma palepale kwa wanakwaya wenzake wa Kolwezi, na maneno haya: "Bwana yangu mupya. Mupole, haombake bukari." Simu ikajaa vicheko. Jirani yake Fifi akaandika kwamba amletee na yeye mdogo wa bwana huyo. Ndipo Agnès alipogeuka akamwona Gunilla bado ameinama, akarudisha simu mkobani upesi.

Mlangoni walivua makoti ya mvua waliyoazimwa, maana mawe ya chini hudondosha maji. Kijana alipokea makoti manne. Kisha akagusa la tano, ambalo lilikuwa limetundikwa ukutani tangu asubuhi. Lilikuwa linachuruzika maji. Alilitazama kidogo, akalikung'uta, akalitundika tena.

Aliporudi Kolwezi, mumewe Donatien alikuwa amefagia uwanja, amepika mwenyewe bukari, yaani ugali, na samaki, na amemwogesha Gloire, binti yao wa miaka mitatu. Alimuuliza mkewe habari za meli na za wafalme, akacheka mahali pa kucheka. Habari za mgodi hakuuliza. Agnès alidhani ni uchovu.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na vumbi la malori lilikuwa limelala juu ya kila jani. Hata hivyo, adhuhuri moja Agnès alipoingia chumbani kukunja nguo, alisikia harufu ya jiwe bichi na ngozi kuukuu iliyolowa. Aliweka mkono kitandani. Upande wa Donatien ulikuwa umelowa, tena baridi kama sakafu ya pango. Akalitoa godoro akalianika juani. Kesho yake hali ikawa ileile. Kisha vikaanza viatu. Mchana, watu wakiwa sokoni, mtu alizunguka nyumba polepole kwa hatua nzito. Agnès alipochungulia, vumbi halikuwa na alama hata moja. Ila kizingitini palikuwa na jiwe dogo la kijani, limewekwa vizuri, jinsi mwanamume anavyoweka kitu alichowaletea watu wa nyumbani kutoka kazini.

Alilitupa mbali. Likaja lingine.

Gloire hakuogopa. Siku moja wakila aliuliza kwa nini tata ya baridi, yaani baba wa baridi, hapewi sahani. Donatien alicheka, akadhani ni mchezo wa watoto. Agnès alilirudisha tonge lake sahanini.

Wakati huo Donatien alikuwa anapungua. Mikono yake ilikuwa baridi hata akiinyoosha juu ya mbabula yenye makaa mekundu. Zahanati haikuona malaria. Alisema kwamba akilala, mtu humkalia kifuani, na akiamka hujikuta sakafuni kama aliyesukumwa. Wenzake wa shimoni walikuwa wema: Mechack, mshika kamba wao, alimletea fungu lake kana kwamba naye alichimba. Lakini Donatien hakupenda kula jasho la watu. Alisema Jumatatu atashuka. Agnès aliitazama miguu yake ikitetemeka kwa kubeba ndoo tu ya maji, akajua kwamba akishuka vile, hatapanda.

Na bado hakusema. Angeanzia wapi? Mke wa mchimbaji alikuwa amemcheka mchimbaji mfu. Alimweleza Mama Adolphine peke yake, naye pia aliona haya, maana ndiye aliyepiga picha. Mchungaji akaja na watu wa maombi, wakaimba, wakamkemea bwana wa usiku, pepo anayejifanya mume wa mtu, kwa sauti kubwa mpaka mashati yakawashika mgongoni. Nje, viatu vilisimama. Vilingoja kwa adabu, kama mgeni aliyekuta watu wanasali. Watu wa maombi walipoondoka, vikaendelea.

Jumamosi jioni umeme ulikatika. Agnès alichukua mshumaa na kikombe cha uji, akaingia chumbani kumpelekea Donatien, na kabla mwanga haujafika kitandani alisikia pumzi mbili badala ya moja, ile ya mumewe aliyoizoea, fupi na yenye kukoroma kidogo, na nyingine ndefu yenye maji ndani yake, na mwanga ulipofika aliona shuka limeinuka katikati ya kitanda kama lililofunika mtu aliyelala chali, na Donatien amebanwa hadi ukingoni, na juu ya kifua chake umewekwa, kwa upole ambao ulitisha kuliko ukali, mkono wa kijani usio na nyama, ambao vidole vyake viliacha kumsukuma, vikageuka polepole kumwelekea yeye Agnès, vikafunguka, vikangoja kushikwa.

Kikombe kilimponyoka. Mshumaa ukazimika. Katika giza alimkamata mumewe kwapani, akamburuta mpaka uwanjani, huku akimwita Gloire atoke.

Fifi alivuka ua na blanketi. Alimbeba Gloire mgongoni mpaka akalala, akakaa nao nje, na kulipokucha akaenda kumwita Mama Ntumba, ambaye huosha maiti za mtaa na huitwa pia shimo linapofunika watu. Mama Ntumba alisimama kwenye mlango wa chumba, akanusa, akarudi. Hakutaka dawa wala kuku. Alitaka kujua ni nani aliyemwita huyo mtu.

Agnès alisimulia yote, macho yakiwa chini, Donatien akisikiliza.

"Bale ba maombi banamufukuza bule," Mama Ntumba alisema. "Hakuingia na nguvu. We ulimuita bwana, njo akakuya. Tangu zamani hakuna muntu alimuita hata na kajina."

"Ilikuwa ya kusekesha tu, mama."

"Na yeye alijua kama unasekesha? Bwana akikufa, bibi yake analia. We hukulia. Basi utamulia."

Agnès alielewa. Kukaa chini kama mjane wakati mume yu hai ni kumwitia mauti kwa jina lake. Hakuna mwanamke aliyemjua ambaye angethubutu. Tena Mama Ntumba alisema kwamba jambo hilo halifanyiki kwa siri: watu waitwe, waambiwe sababu, na Donatien akubali kwa mdomo wake mwenyewe.

Donatien alijikunja ndani ya blanketi la Fifi. Agnès hakuweza kumtazama.

"Ile photo niliiona siku ileile," Donatien alisema mwishowe. "Ilizunguka mpaka kwa Mechack, akanionyesha. Nilimukumbuka Ntambwe. Njo maana sikukuuliza kitu."

Ntambwe alikuwa mdogo wake. Shimo lilimfunika, na hakutolewa mpaka leo. Agnès alilia katika kilio chake hadi sauti ikakatika. Na kule, akiwa ameegemea kioo, Ntambwe hakumjia akilini hata kidogo. Donatien alikuwa ameliona hilo katika tabasamu lake, kisha akafagia uwanja na kumpikia samaki.

"Mulilie," Donatien alisema. "Nakubali. Mi pia nitaikala."

Jumapili hiyo baada ya ibada walitandika mikeka uwanjani. Agnès alikaa chini, bila viatu, bila kilemba, kitambaa cheusi kifuani. Alieleza mbele ya watu alichofanya, na sauti ilikuwa ndogo hata mara mbili wakamwomba arudie. Wengine wa kwaya waliondoka. Mmoja alisema wazi kwamba anamuua mume mzuri kwa ajili ya jini. Lakini wanawake wanaoosha mawe mtoni walikuja, matope bado miguuni, wakakaa bila kuombwa. Wao wanajua habari za wanaume wasiopanda.

Kuanza kulikuwa kugumu. Alifungua mdomo, ikatoka haya tupu. Ndipo Donatien, nyuma yake, alipoliita jina la Ntambwe mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aje kula. Agnès akalia. Alimlilia bwana asiye na jina, aliyevaa viatu vyake mpaka mwisho, ambaye hakuna mama aliyemfunga kidevu wala mke aliyemngoja na maji ya moto. Alimwomba radhi kwa kicheko chake. Akamwambia kwamba sasa ana mtu wa kumlilia, kwa hiyo aende. Wanawake walimpokea, kila mmoja akichanganya na wa kwake, mpaka jua likainama.

Viatu vilikuja. Kila mtu alivisikia. Vilizunguka nyumba, vikapita katikati ya mikeka, na wanawake wakakunja miguu kuvipisha. Vilisimama mbele ya Agnès. Harufu ya jiwe bichi ilipita usoni pake. Halafu hatua zikaelekea langoni, zikatoka, na barabarani hazikusikika tena.

Jumatatu Donatien hakushuka shimoni. Alilala mchana kutwa, na hakuna aliyemsukuma. Kabla ya mvua za kwanza mikono yake ilikuwa na joto.

Krismasi, kina mama wa kanisa walipogawa unga kwa wajane wa mtaa, walimletea na Agnès fungu lake, kama mjane wa yule bwana. Alilipokea, na Donatien akalibeba mpaka ndani.